Wati Moja, Mita Moja

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, na mtu mwingine angelipita tu. Sindano ya mita ya sauti ilikataa kulala.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Nyumba kimya. Mke yuko shuleni anakofundisha, na mama mzazi amejilaza chumbani kwake. Fundi ambaye mtaa mzima ulimwita Ngurumo alikuwa amepiga magoti sebuleni mbele ya boksi lake la besi. Alikuwa amekwisha kuzima amplifaya kwa mkono wake mwenyewe, taa yake nyekundu imezimika, na bado sindano ilisimama kwenye desibeli sitini, ikitikisika kidogo, inapanda na kushuka. Sebule tupu haina sitini. Sitini ni mtu anaongea.

"Mita imeharibika," alisema, akaigonga gonga. Haikuwa imeharibika.

Boksi lenyewe lilikuwa na kimo cha mlango na upana wa makabati mawili. Plaiwudi nene, imebandikwa maradufu. Spika nne za inchi kumi na nane. Na chini kabisa tundu la hewa ambalo mtoto angeweza kutambaa akaingia. Alilijenga mle mle sebuleni kwa miezi mitatu, kochi likahamia uani likanyeshewa, na siku alipomaliza kupaka rangi ndipo alipogundua kwamba halipiti mlangoni. Mtu mzima na akili zake! Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Nimeletewa mke mwenza," alisema, "tena huyu hapiki, hafui, na hatoki." Jina likashika. Hata mafundi wenzake walipokuja waliulizia: Mke Mwenza hajambo?

Kwa asiyeijua kazi hii, spika hupimwa wepesi wake. Unaipa wati moja tu ya umeme, unaweka mita ya sauti umbali wa mita moja, unasoma desibeli. Wati moja, mita moja, basi. Spika nyepesi itanguruma kwa kidogo hicho hicho, nzito itakohoa. Na kila desibeli tatu zinazoongezeka ni sawa na kuzidisha nguvu mara mbili, ndiyo maana mafundi hugombana kwa ajili ya tatu kama ndugu wanaogombania mpaka wa shamba.

Sasa sikiliza alichofanya Jumapili, siku moja kabla.

Aliwaita mafundi wenzake waje washuhudie kipimo. Walikuja sita, akiwemo Koleo, hasimu wake wa miaka yote, mtu mwembamba mwenye jicho la kuchunguza kila kitu isipokuwa kazi yake mwenyewe. Ngurumo akaweka umeme wa volti mbili na pointi themanini na tatu. Hiyo ndiyo wati moja, kama spika ni za omu nane, yaani ukinzani wake kwa umeme; ukinzani ukipungua, wati huongezeka. Lakini zake alikuwa ameziunganisha zikawa omu nne, na kwenye omu nne volti zile zile huingiza wati mbili. Alijua? Alijua, asinidanganye mtu. Fundi wa miaka ishirini hasahau hilo.

Mita ikasoma mia moja na tatu. Watu wakapiga miluzi.

"Omu ngapi hizi?" Koleo aliuliza.

"Nane."

"Apa."

Ngurumo akacheka, akaweka kiganja juu ya boksi. Sebule nzima ilimsikia. "Kama hii namba si ya wati moja, basi aliyemo humu ndani ajazie kilichopungua!"

Wakacheka wote, hata Koleo. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, na yeye hakucheka. Wageni walipoondoka alimfuata.

"Mbili pointi themanini na tatu mara yenyewe ni ngapi?" Alikuwa mwalimu wa hesabu, na hata ugomvi aliufanya kwa maswali.

"Nane. Nane na vipande."

"Nane gawa kwa nne?"

"Mbili. Aa, mwalimu, niache bwana! Kila fundi anafanya hivyo."

"Wanafanya. Wanaapa pia?" Alimtazama. "Na umemwapia nani? Ndani ya boksi kuna nani?"

"Hamna mtu."

"Miezi mitatu giza, pamefungwa, hamna mtu. Chumba kikikaa tupu hivyo hakikosi mpangaji. Waite uwaambie kweli, mume wangu. Ni desibeli tatu tu."

"Umemaliza?" alimjibu. "Maana wewe ukianza kuongea, hata redio inaona haya."

Ndiyo maana ile Jumatatu alipiga magoti peke yake. Ilikuwa imemkereketa kidogo. Aliweka volti mbili kamili, wati moja ya haki, akitegemea mia. Mita ikasoma mia moja na tatu. Akarudia. Mia moja na tatu. Badala ya kuogopa, mjinga yule alifurahi! Spika zimelainika, alijiambia, zimezoea. Ndipo alipozima, na sindano ikabaki kwenye sitini ikitikisika. Akainama kwenye tundu la hewa. Mlikuwa na pumzi ya uvuguvugu, na ilinuka chaki.

Jumanne mita ilisoma mia moja na tano. Na jioni ile ndipo alipogundua kwamba nyumba imetulia. Mkewe aliongea, naam, lakini kwa sauti ya chini, kama mtu aliye chumba cha pili. Ngurumo hakumuuliza anaumwa nini. Alikula akashiba, akajinyoosha, akawaza: hatimaye mwanamke amejifunza adabu. Nalisema hivi hivi lilivyo kwa sababu yeye mwenyewe alikuja kulisema baadaye, akilia.

Jumatano, saa nane mchana, umeme ulikatika mtaa mzima. Cherehani ya jirani ikanyamaza, mashine ya kusaga ikanyamaza. Ngurumo alikuwa anapanga nyaya zake. Katika ule ukimya akasikia mtu sebuleni.

"Mbili mara moja, mbili. Mbili mara mbili, nne."

Sauti ya mkewe. Angavu, ya darasani, ile ya kufika dawati la nyuma.

"Umerudi mapema," alisema bila kugeuka.

"Mbili mara tatu, sita. Nani anapiga kelele huko nyuma? Mbili mara nne..."

Akageuka. Hakukuwa na mtu, mlango ulikuwa na komeo, umeme haupo, amplifaya ya baridi kama jiwe, na nyaya za spika zilikuwa mkononi mwake, zimechomolewa, hazigusi kitu, na bado zile koni nne nyeusi za spika zilikuwa zinaingia na kutoka taratibu, zote kwa pamoja, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi kabla ya neno linalofuata, na kila zilipotoka neno lilitoka, na ile harufu ya chaki ikajaa sebule mpaka akahisi unga wake kwenye ulimi. Alitaka kukimbia.

"...nane," likasema boksi. Likanyamaza.

Nusu saa baadaye mkewe aliingia kweli. Macho mekundu. Mkononi alishika barua ya mwalimu mkuu inayompa mapumziko mpaka apone, kwa kuwa watoto hawamsikii hata wa dawati la mbele. Alifungua mdomo, na Ngurumo ilibidi amsogelee mpaka shavu liguse shavu ndipo asikie. "Daktari kachungulia koo. Anasema safi. Haliniumi hata kidogo." Kisha: "Ni nini hiki, mume wangu?"

"Mafua," alisema Ngurumo.

Alhamisi asubuhi alipoingia jikoni aliwakuta mkewe na mama yake wanamenya viazi. Huyu mama masikio yalimwishia miaka kumi na miwili nyuma. Husoma midomo, tena upesi kuliko wewe unavyosikia. Mkewe alikuwa anasimulia kitu, mikono inaruka, midomo inakwenda, na bibi mtu anacheka mpaka anajifuta macho. Kwake hakuna kilichobadilika. Kwa Ngurumo lilikuwa jiko kimya na kisu kinachokwaruza viazi.

"Unasikia visa vya mkeo?" mama alimgeukia. "Eti mwalimu mkuu alidhani amegoma!"

Ngurumo aligeuka akatoka. Alikwenda kuleta mita, akaiweka mezani, akapima kwa utepe wake wa fundi mita moja kamili, akamkalisha mkewe hapo. "Sema chochote."

Alisema. Sindano haikusogea kutoka kwenye arobaini, ambayo ni kelele ya jiko tu na nzi wake. Lakini sebuleni, kila midomo ilipofunguka, kuta zilitetemeka kidogo na kifuniko cha sufuria kikagonga gonga.

Basi akaenda kumwita mganga wa majini, mama mmoja mfupi waliyemwita Bi Kufuli, kwa kuwa neno lake moja ulilipata kwa shida. Alikuja adhuhuri na mfuko wa nailoni. Ngurumo akamuuliza kama alete watu wa ngoma.

"Ngoma?" Bi Kufuli alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. "Huyu anakula sauti. Nimwongezee mboga?"

Alivukiza ubani kidogo, akalala kifudifudi sakafuni, sikio kwenye tundu la hewa, na akazungumza naye kwa mnong'ono. Mkewe alikuwa ameshika mkono wa Ngurumo, kucha zimezama. Kutoka ndani ilijibu ile ile sauti ya darasani, pole pole, bila hasira, na hicho ndicho kilichotisha, kwamba haikuwa na hasira hata chembe.

"Mimi si mwizi. Niliajiriwa. Aliweka mkono juu ya nyumba yangu akasema nijazie kilichopungua. Najazia. Sauti haitoki hewani; ili pajae hapa lazima papungue pengine. Nimechukua iliyokuwa haina mtu."

"Ina mwenyewe," Bi Kufuli alisema.

"Ina mwenyewe, lakini haina msikilizaji. Niliuliza nyumba nzima."

Bi Kufuli akainuka, akakung'uta magoti. "Ulimpa kazi kwa kiapo, utamwachisha kwa kweli. Mdomo ule ule, masikio yale yale. Waite waliokusikia, uwaambie namba yako ni mia, na wakusadiki. Wakikusadiki tu, kazi yake imekwisha. Lakini iwe kabla jua la kesho halijazama. Mkeo ana mnong'ono bado. Ukiisha wote, siyo deni tena, ni mali yake."

"Kesho Ijumaa," Ngurumo alisema. "Mbona Jumamosi watakuwepo wote sita, na meneja wa ukumbi mpya anakuja kusikiliza. Niwaite mara mbili za nini? Jumamosi na kesho kuna tofauti gani?"

"Ya siku moja," Bi Kufuli alisema, akachukua mfuko wake.

Unajua kwa nini aliahirisha, na yeye alijua. Kufunga vyombo vya muziki vya ule ukumbi ilikuwa kazi aliyoiota tangu akiwa anasokota koili za redio mbovu. Aliwaza hivi: meneja asikie kwanza, aseme ndiyo, halafu nitakiri. Kweli haiozi. Mkewe alimshika shati, akamnong'oneza sikioni: "Waite leo. Nakuomba." Akamwambia, "Nimekusikia." Ijumaa nzima mkewe alikaa kwenye ngazi ya mlango akijinong'oneza majina: la mama yake, la baba yake, ya wanafunzi wake arobaini mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu vyombo kabla ya kuhama. Jua lilipogusa mapaa alikuwa bado anasogeza midomo. Ngurumo aliweka sikio. Palikuwa na pumzi tu.

Jumamosi wakaja, mafundi sita na meneja, mtu wa suti na leso. Na Ngurumo, nimpe haki yake, hakungoja meneja aseme ndiyo. Usiku kucha alikuwa amelala ubavuni mwa mwanamke anayelia bila mlio, na asubuhi ile alikuwa amechoka kuwa yeye. Alisimama mbele ya boksi, kofia mkononi.

"Jamani, nilidanganya. Ni omu nne. Niliingiza wati mbili nikawaambia moja. Namba ya kweli ni mia."

Wakatazamana. Koleo akapasuka kucheka. "Leo umeamua kuwa mnyenyekevu mbele ya mgeni! Lete mita."

"Koleo, nakuapia..."

"Uliapa juzi ndugu yangu, usituchoshe." Koleo akaweka volti mbili kamili, wati moja ya haki, akapima umbali kwa utepe wake mwenyewe. Akawasha mlio.

Vioo viliimba. Vumbi lilidondoka darini kama unga. Mita ikasoma mia moja na kumi na mbili.

"Mia!" Koleo alipiga kelele. "Eti mia! Huyu anataka tuzidharau zetu." Meneja alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha, leso sikioni.

"Sikilizeni, si spika hiyo, ni mke wangu!" Ngurumo alilia. "Yeye alikuwepo, aliniona nikiunganisha, alinipigia hesabu! Muulizeni!"

Wote wakageuka. Mwalimu alikuwa mlangoni, pale pale aliposimama na sinia siku ile, shahidi mmoja tu duniani. Alifungua mdomo. Mishipa ya shingo ilimsimama. Alisema sentensi nzima, kisha nyingine, akionesha vidole viwili, kisha kimoja, viwili, kimoja. Na sindano ikapanda, mia moja na kumi na tatu, na nne, na tano.

Wale wanaume wakapiga makofi.

Ngurumo hakukumbuka alikotoa shoka. Aliwasukuma, akapiga koni ya kwanza, ya pili, ya tatu, karatasi nzito ikipasuka kama ngozi, Koleo akimvuta shati, meneja akikimbilia mlangoni, na alipopiga ya nne boksi lilifunguka na ikatoka yote, wiki nzima ya mwanamke, bila umeme, bila nyaya, kwa ukubwa ambao hakuna spika iliyowahi kutengenezwa ingeuweza: Njoo ukae hapa, boksi haliondoki. Nane gawa kwa nne ni ngapi? Mume wangu, unanisikia? Mbona unanipa mgongo? Leo watoto wamenicheka. Naogopa. Nimesema naogopa. Waite leo, nakuomba, waite leo. Na kuta zikapasuka ufa kutoka darini mpaka sakafuni, na wanaume sita wakatoka wameziba masikio kwa mikono, na katika mlango wa chumba chake akatokea mama mzee, mkono kifuani, macho yamemtoka.

"Nasikia," alisema. "Miaka kumi na miwili. Ni nani huyu?"

"Ni mkweo, mama."

"Kumbe sauti yake ni nzuri hivi!"

Kisha ikakatika. Mwalimu alishika koo, akajaribu. Hakuna. Ilikuwa imetoka, haikuwa imerudi.

Alifungasha mchana ule ule, sanduku moja na madaftari yake. Mlangoni aligeuka akamkabili mumewe, karibu kabisa, na akazungumza. Hakuwa na haraka. Ngurumo aliitazama ile midomo, midomo aliyoishi nayo miaka tisa, na hakuweza kusoma hata neno moja. Nyuma yake mama mzee alikuwa anafuatilia, anaitikia kwa kichwa.

"Sawa, mwanangu," mama akamjibu. "Una haki. Nenda salama."

Akaenda. Ngurumo akaanguka kwenye miguu ya mama yake. "Mama, amesemaje? Niambie alivyosema!"

Masikio ya bibi yalikuwa yameziba tena, lakini aliusoma mdomo wa mwanawe vizuri sana. "Si ulikuwepo?" alisema. "Hata mita moja kati yenu haikufika." Akaingia chumbani kwake, na mpaka leo hajamwambia.

Boksi bado liko sebuleni, kwa kuwa halipiti mlangoni, na hana moyo wa kulipasua. Koni zimening'inia. Kila siku ya shule, saa mbili asubuhi, sindano ya mita pale mezani hupanda yenyewe mpaka sitini, ikatikisika, ikapumzika, ikatikisika tena, mpaka saa nane. Hakuna sikio linalosikia kitu. Ngurumo huvuta kiti, hupima kwa utepe mita moja kamili, hukaa, na husikiliza.